Usalama kwenye mashine kubwa za kiwandani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale ambayo opareta, mafundi, vibarua na masupavaiza huuliza kila mafunzo ya usalama yanapofanyika: viwanda vya chai, mkonge, sukari, saruji, plastiki, nguo, na hata kinu cha kusaga chenye mota moja na mkanda mmoja. Mifano mingi ni ya Tanzania na Kenya.

Ajali za mashine hutokea zaidi wakati gani?

Watu hudhani ni wakati uzalishaji umepamba moto. Mara nyingi si hivyo. Mashine ikienda vizuri, opareta hana sababu ya kuisogelea; anasimama pake, anaangalia. Shida inaanza pale inapojamu, inapotakiwa kusafishwa mwisho wa shifti, inapotiwa grisi, au mkanda unapoanza kukimbilia upande mmoja na mtu akataka kuurudisha huku unazunguka. Ndiyo sababu ukaguzi unaofanyika saa nne asubuhi, kila kitu kikiwa kimetulia, hauonyeshi kitu. Njoo saa kumi na moja alfajiri shifti ya usiku inapofagia chini ya konveya (mkanda wa kubebea mzigo), ndipo utakapoona kiwanda chenyewe.

Nina uzoefu wa miaka mingi na mashine hii. Kwa nini nisichomoe uchafu kwa mkono mara moja?

Kwa sababu uzoefu hauongezi kasi ya mkono. Mtu mzima akiwa macho kabisa huhitaji karibu robo sekunde kutambua kwamba kuna kitu kimemshika na kuanza kuvuta. Konveya inayokwenda mita 1 kwa sekunde, ambayo si kasi kubwa, katika robo sekunde hiyo imeshapita sentimita 25. Hesabu kutoka ncha ya kidole: umeshafika juu ya kifundo cha mkono. Hapo hujaanza kuvuta bado, na ukianza unashindana na mota ambayo haichoki.

Mfano wa karibu zaidi ni mashine za CTC (za kuponda, kuchana na kukunja majani) kwenye viwanda vya chai vya Kericho, Mufindi au Rungwe. Roli mbili zenye meno zinazunguka zikielekeana, moja ikienda mara kumi zaidi ya mwenzake, kwa kawaida mizunguko 70 na 700 kwa dakika. Tofauti hiyo ndiyo inayolichana na kulikunja jani. Jani likiganda kwenye mlango wa kuingilia, kishawishi cha kulisukuma kwa kiganja ni kikubwa, maana limelowa na linateleza. Kiganja nacho kitalowa na kuteleza.

Anayekuambia "kuwa makini tu" hajakupa kinga yoyote. Mtu hachoki saa mbili asubuhi kama anavyochoka saa tisa usiku, na mashine haijui tofauti.

Ni sehemu gani hasa za mashine zinazonasa?

Tafuta mahali vitu viwili vinapokutana vikizunguka, au kimoja kinapozunguka karibu na kilichosimama. Roli mbili zinazoelekeana. Mkanda unapoingia kwenye puli (upande wa kuingia, si wa kutoka). Mnyororo na gurudumu lake la meno. Giya mbili. Skrubu ya kusukumia unga au pumba ndani ya bomba. Pengo kati ya meza inayosogea na nguzo ya jengo, ambalo mchoraji wa mashine hakulifikiria kwa sababu hakujua mtaifunga karibu na nguzo.

Shafti tupu inadharauliwa mno. Inaonekana laini, haina meno, inazunguka tu. Lakini shafti ya kipenyo cha sentimita 10 inayozunguka mara 300 kwa dakika, uso wake unakwenda zaidi ya mita moja na nusu kwa sekunde. Ncha ya kitambaa ikiigusa inajiviringisha, na kila mzunguko unavuta zaidi ya sentimita 30. Kichwa cha bolti kilichotokeza kinafanya mambo yawe mabaya zaidi.

Kwenye mkonge, waliofanya kazi Tanga na Morogoro wanaijua korona, mashine ya kutoa nyuzi kwenye majani. Majani yanaingia yakiwa yamebanwa na minyororo au kamba nene, kisha magoma yenye visu butu yanayapiga mpaka zibaki nyuzi. Watu wanaogopa magoma, na wana haki. Ila aliyesimama mezani kupanga majani yuko karibu zaidi na ile minyororo inayobana, na kazi yenyewe inamtaka mikono yake iwe pale pale jani linapoingia. Kwa hiyo meza ya kulishia inatakiwa iwe ndefu kiasi kwamba mkono wa mpangaji usifike kwenye mbano, na kamba ya kusimamishia mashine ipite mbele yake urefu wote wa meza.

Gadi nzuri ikoje?

Gadi ni kizuizi kinachofunika sehemu zinazonasa, na iliyo nzuri haiondoki bila spana. Hiyo ndiyo alama ya kwanza. Gadi inayoinuliwa kwa mkono na kuegemezwa ukutani si gadi, labda iwe na swichi inayoikata mashine mara inapofunguliwa.

Alama ya pili ni umbali. Kuna kiwango cha kimataifa, ISO 13857, kinachopanga ukubwa wa tundu na umbali kutoka sehemu ya hatari. Kwa tundu la mraba lenye upana wa zaidi ya milimita 12 hadi 20, wavu ukae angalau milimita 120 kutoka kinachozunguka. Ukitumia wavu wa matundu ya milimita 50, kama ule wa uzio, umbali unaruka hadi milimita 850, kwa sababu mkono mzima unapita. Gadi nyingi zinazochomelewa mitaani zinakosea hapa: wavu mzuri, rangi ya njano nzuri, lakini matundu makubwa na mkanda uko sentimita tano nyuma yake. Mtoto wa jirani anapita kinuni na kidole kinaingia bila shida.

Alama ya tatu wengi hawaifikirii: lazima uweze kuona ndani. Opareta asiyeona mkanda wake ataifungua gadi ili auone.

Tunaweka gadi, mafundi wanaziondoa. Tufanyeje?

Muulize fundi kwa nini, kisha nyamaza usikilize. Karibu kila mara ana sababu. Nipo (mdomo wa kutilia grisi) iko ndani na inatakiwa kujazwa kila shifti. Gadi ina bolti kumi na mbili wakati nne zingetosha. Uchafu unajaa chini na hakuna mlango wa kuutolea. Gadi iligongwa na foklifti, ikapinda, sasa inakwaruza puli na kupiga kelele.

Ukitoa barua ya onyo, utapata gadi zilizorudishwa kwa bolti mbili siku mkaguzi anapokuja. Ukivuta paipu nyembamba ya grisi kutoka kwenye bearingi hadi nje ya gadi, fundi anatia grisi mashine ikiwa inazunguka, bila kufungua chochote, na gadi inakaa. Paipu hiyo ni ya bei ndogo. Kwa uchafu, kata sehemu ya chini ya gadi iwe na mteremko ili udondoke wenyewe nje. Kwa maoni yangu, meneja ambaye hajawahi kutia grisi mashine zake mwenyewe hata shifti moja asisaini michoro ya gadi.

Kuhusu swichi za milango zilizounganishwa nyaya moja kwa moja ili mashine iende mlango ukiwa wazi, hapo sina upole. Hiyo ni mashine mbovu na inatakiwa kusimama siku hiyo hiyo.

Nikizima mashine kwenye swichi, si inatosha?

Haitoshi. Swichi uliyozima wewe, mwingine anaweza kuiwasha. Yupo mwisho mwingine wa jengo, hakuoni, anaona mashine imesimama na supavaiza anauliza tani ziko wapi.

Utaratibu unaotakiwa, ambao mafundi wengi wanauita LOTO (lockout/tagout, yaani kufunga kwa kufuli na kutundika kibao), ni huu. Waarifu wanaoitumia mashine. Izime kawaida. Nenda kwenye swichi kuu ya mashine hiyo, uikate, uifunge kwa kufuli lako mwenyewe na utundike kibao chenye jina lako. Ufunguo unakaa mfukoni mwako, hauachwi ofisini wala hapewi mwenzako. Mkiwa mafundi wanne, kufuli ni nne. Kuna kipande cha chuma chenye matundu kadhaa kinachoruhusu hivyo. Wa mwisho kutoka ndiye anayeruhusu mashine iwake. Shifti ikibadilika kazi haijaisha, anayeingia anafunga lake kwanza ndipo anayetoka afungue.

Kisha inakuja hatua inayorukwa kuliko zote: jaribu kuiwasha. Bonyeza kitufe cha kuwashia. Mara nyingine utagundua umekata swichi ya mashine ya jirani, maana maandishi kwenye paneli yalifutika zamani au mashine zilihamishwa na paneli ikabaki vile vile.

Na umeme si nguvu pekee. Hewa iliyobanwa kwenye silinda, mafuta ya haidroliki, mvuke, springi iliyokazwa, jiwe la kinu au gurudumu zito linaloendelea kuzunguka dakika nzima baada ya kuzimwa, konveya ya mteremko iliyojaa mzigo unaotaka kurudi chini. Inveta (kifaa cha kurekebisha kasi ya mota) hubaki na umeme ndani kwa dakika kadhaa baada ya kukatwa. Toa presha, teremsha kinachoning'inia au ukitie nguzo, subiri kinachozunguka kisimame. Ndipo uingize mkono.

Umeme umekatika wenyewe. Naweza kutumia nafasi hiyo kusafisha?

Hili ndilo swali ninalolipa uzito zaidi kwa mazingira yetu. Umeme unakatika, mashine inasimama katikati ya kazi ikiwa imejaa mali, na kila mtu anaona hiyo ni nafasi ya bure ya kuondoa kilichojamu. Gadi inafunguliwa, mikono inaingia. Hakuna aliyegusa swichi, kwa hiyo swichi bado imewashwa. Umeme unarudi bila kupiga hodi. Pale penye jenereta inayojiwasha yenyewe hali ni mbaya zaidi, kwa sababu unaweza kurudi ndani ya sekunde chache tu.

Mashine iliyofungwa vizuri ina kontakta inayoachia umeme unapokatika na haishiki tena mpaka mtu abonyeze kitufe cha kuwashia. Lakini vinu vingi na mashine za karakana zimeunganishwa kwa swichi ya mkono ya kawaida, ile inayobaki ilipo. Jaribio ni rahisi: mashine ikiwa tupu na hakuna mtu karibu, kata umeme kwenye swichi kuu, subiri, rudisha. Ikiwaka yenyewe, mwite fundi umeme abadilishe kabla ya kazi nyingine yoyote. Na hata ikiwa na kontakta, umeme ukikatika na unataka kuifungua, funga kufuli kama kawaida. Giza halibadilishi utaratibu.

Kile kitufe chekundu cha dharura kinafanya kazi gani basi?

Kinasimamisha mashine wakati tayari kuna tatizo. Kiwe chekundu kwenye usuli wa njano, kikibonyezwa kibaki ndani, na kukiachia kusiiwashe mashine. Kwenye konveya ndefu weka kamba ya kuvuta urefu wote, kwa sababu aliyenaswa mkono wa kulia hawezi kutembea hadi kwenye kitufe. Kisitumike kuzimia mashine kila siku, na kisitumike badala ya kufuli: hakikati umeme wote, na yeyote anayepita anaweza kukiachia. Kijaribu mara kwa mara. Vumbi la saruji na sukari iliyoganda huvifanya vigome.

Mavazi: ovaroli, mtandio, nywele, pete, glavu?

Ovaroli ya kukutosha, mikono iliyofungwa kwenye kifundo, shati lisining'inie. Wanawake wanaofanya kazi karibu na shafti na mikanda wasivae kanga kiunoni juu ya nguo ya kazi, na mwajiri asiishie kukataza. Awape suruali au ovaroli za saizi zao, kwa sababu nyingi zinazogawiwa zimeshonwa kwa mwanamume wa futi sita. Anayejisitiri kichwa avae hijabu ya kuvuta isiyo na ncha, iliyoingizwa ndani ya ovaroli. Rasta na nywele ndefu ziingie ndani ya kofia. Kitambulisho cha shingoni kihamie mfukoni.

Pete ivuliwe, ya ndoa pia. Ikikwama kwenye ncha ya chuma na mwili ukaendelea kusogea, inaweza kuondoka na ngozi yote ya kidole.

Kwa glavu watu hushangaa. Kubeba mabati, vaa. Karibu na drili ya mezani, lezi (mashine ya kukerezea) au shafti inayozunguka, vua. Glavu ya kitambaa ikishikwa haichaniki haraka, inauvuta mkono mzima.

Foklifti na winchi za juu zimo humu?

Zimo, na jibu ni fupi: watenganishe watu na njia za mashine hizo. Mstari wa rangi sakafuni hauzuii tani tatu. Reli ya chuma inazuia. Dereva wa foklifti aliyebeba mzigo mrefu unaomziba asione mbele aendeshe kinyumenyume ili aone. Hakuna mtu chini ya mzigo unaoning'inia, hata "anapita tu".

Mimi ni kibarua niliyeletwa na wakala. Nani anawajibika nikiumia?

Mwenye kiwanda hawezi kusema wewe si wake huku unafanya kazi kwenye mashine yake. Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, inayosimamiwa na wakala wa serikali wa OSHA, inamtaka anayemiliki au kuendesha mahali pa kazi ahakikishe ni salama. Kenya, sheria ya 2007, inayosimamiwa na kurugenzi ya DOSHS, inamtaja mwenye eneo na inawalinda wote wanaofanya kazi humo. Kwa vitendo, kibarua wa siku ya kwanza ndiye aliye hatarini zaidi: hajui mlio wa kawaida wa mashine, na anataka aonekane mchapakazi ili kesho aitwe tena. Asipewe kazi ya kusafisha mashine kabla ya kuonyeshwa, si kusomewa, namna ya kuifunga.

Supavaiza akiniamuru niingize mkono mashine ikienda?

Mjibu kwa heshima lakini kwa sauti wenzako wasikie: "Bosi, nafunga kwanza, dakika tano tu." Mara nyingi inaisha hapo, kwa sababu hataki awe ndiye aliyekataa mbele ya watu. Akisisitiza, mwendee mwakilishi wa usalama wa wafanyakazi au kiongozi wa chama chenu, na andika siku, saa na mashine. Sheria ya Kenya inasema waziwazi kwamba mfanyakazi aliyeondoka kwenye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu za msingi, asifukuzwe kwa hilo. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1981, nao unasema hivyo hivyo.

Mwenzetu amenaswa. Tufanye nini kwanza?

Simamisha, kisha kata umeme na ufunge. Usimvute. Usirudishe mashine nyuma kwa pupa: roli zikigeuka zinaweza kumponda mara ya pili, na mashine nyingine hazigeuki kama unavyodhani. Fundi anayeijua ndiye aamue kama ni kulegeza bolti za roli, kukata mkanda au kuzungusha kwa mkono. Mtu mmoja akae na aliyeumia akimzungumzisha. Mwingine asimame getini kulielekeza gari.

Damu ikitoka sana, kandamiza kidonda kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuchungulia kila mara. Isiposimama na ni mkono au mguu, funga upande wa juu wa kidonda, kati ya kidonda na kiwiliwili, kwa kitambaa kipana na uandike saa. Kidole kilichokatika kifungwe kwenye kitambaa safi chenye unyevu kidogo, kiwekwe ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na mfuko huo ndio uwekwe kwenye barafu na maji. Kisigusane na barafu moja kwa moja. Kiende hospitali pamoja na mgonjwa.

Mashine ibaki kama ilivyo mpaka mkaguzi aseme. Kuisafisha ili kazi iendelee ni kufuta ushahidi.

Fidia inapatikanaje?

Tanzania ni kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kazi Julai 2015. Mwajiri ndiye anayechangia. Mshahara wako haukatwi. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya ajali ndani ya siku 7 tangu alipoijua, na madai yafikishwe ndani ya miezi 12. Mfuko unalipia matibabu, na ukiwa huwezi kufanya kazi kwa muda unalipwa asilimia 70 ya kipato chako.

Kenya ni sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, WIBA, ya 2007. Mwajiri lazima awe na bima, na ulemavu kamili wa kudumu hulipwa mapato ya miezi 96. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2019, dai linaanzia kwa Mkurugenzi wa usalama kazini, si mahakamani, kwa hiyo usimlipe mtu anayekuahidi kesi ya haraka.

Nchi zote mbili, omba nakala ya fomu ya taarifa ya ajali na uitunze nyumbani. Hakikisha imeandikwa jina la mashine, na kama gadi ilikuwepo au haikuwepo. Ikiwa imeandikwa tu kwamba "mfanyakazi hakuwa makini", usisaini; omba maelezo yako yaongezwe kwanza kwa maneno yako mwenyewe.